Ndimu haisafishi ubao wa nyama

Jijini Nairobi, majumbani na kwenye vibanda vya nyama choma, wengi huamini kwamba ubao uliokatiwa nyama mbichi ukipanguswa kwa kipande cha ndimu umeshakuwa safi, na kachumbari inaweza kukatwa juu yake.

Imani hii ina chembe ya ukweli. Asidi ya ndimu hudhoofisha bakteria. Viungo vingine navyo vina viambato vya kupambana na bakteria: karafuu ina eugenoli, na mafuta ya thaimu, jani la kiungo, yana thaimoli. Katika maabara, viambato hivi huharibu utando wa nje wa seli ya bakteria mpaka vilivyomo vikavuja. Lakini humo hutumika kwa kipimo maalumu na huachwa vifanye kazi kwa muda. Ndimu ya kupitisha mara moja haifikii hapo.

Utazame ubao wenyewe. Ndani ya mikwaruzo ya kisu, bakteria za maradhi kama Salmonella au Listeria hujishikiza na kutoa ute wa sukari na protini unaozifunika zote. Ukipitisha kidole utahisi utelezi tu, ila ute huo huzikinga hata na dawa kali. Kwa hiyo kazi kubwa ni kusugua: maji moto, sabuni, brashi, kisha suuza. Dawa ya klorini iliyozimuliwa ifuate baadaye, maana ikikuta damu na mafuta hupoteza nguvu. Halafu ubao ukauke kabisa.

Kachumbari nayo, tafadhali, iwe na ubao wake. Ndimu ikamuliwe humo, kwa ladha.