"Mombasa kwa Ndege ni Saa Moja Tu," na Dhana Nyingine za Safari

Ukimuuliza mtu wa Nairobi Mombasa iko umbali gani, atakujibu kwa saa: basi ni saa nane au tisa, treni tano au sita, ndege ni saa moja. Hiyo ya mwisho ndiyo inayowachelewesha watu mazishini na kwenye mahojiano ya kazi. Saa moja ni safari ya ndege, si safari yako.

Muda ulioandikwa kwenye tiketi huanza ndege inapoondoka mahali ilipoegeshwa na huisha inapoegeshwa tena. Humo mna kujongea hadi njia ya kurukia, kungoja zamu, na dakika za akiba. Angani penyewe, kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta hadi uwanja wa Moi, mara nyingi ni kama dakika 45. Lakini tiketi haihesabu msongamano wa kuelekea Embakasi, foleni za ukaguzi, kusubiri mizigo, wala mwendo wa kutoka Changamwe kuingia kisiwani. Aliyetoka nyumbani Westlands saa kumi na mbili asubuhi kwa ndege ya saa tatu asishangae kufika mjini Mombasa saa tano. Ni saa tano za njiani hizo. Treni nayo ina Syokimau yake na Miritini yake, yaani stesheni za Nairobi na Mombasa zilizo nje ya katikati ya mji, kwa hiyo nayo ihesabu mlango hadi mlango kabla ya kulinganisha. Na kama unakwenda Diani, ulizia ndege za kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, hadi Ukunda, jirani na Diani. Huhitaji kutua Mombasa kisha kupanga foleni ya feri Likoni.

Wengine huchukua kilomita za barabara wakadhani ndege huzifuata. Nairobi hadi Mombasa barabara ni takriban kilomita 480, reli ya kisasa (SGR) ni 472, na angani ni kama 420. Kisumu tofauti ni kubwa zaidi: barabara hukaribia 350, angani hazifiki 280, kwa kuwa gari lazima lishuke Bonde la Ufa na kupanda tena upande wa pili.

"Kwenda Kigali ni nusu saa, kurudi ni saa mbili na nusu." Ukisoma tiketi haraka, ndivyo inavyoonekana. Kila saa iliyoandikwa ni ya mji husika, na Kigali iko nyuma ya Nairobi kwa saa moja. Safari ni kama saa moja na nusu, kwenda na kurudi. Anayekuja kukupokea mwambie saa ya kwao, tafadhali; wengi wameachwa uwanjani kwa kosa hili.

Dhana ninayoisikia hata kwa wasomi ni kwamba dunia huzunguka kuelekea mashariki, hivyo ndege iendayo magharibi hufika upesi kwa kuwa mji unaifuata. La. Hewa huzunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa hiyo. Kinachobadilisha muda ni upepo. Juu ya Atlantiki ya kaskazini, pepo kali za juu huvuma kutoka magharibi. Kenya Airways ilipoanzisha safari ya moja kwa moja ya Nairobi hadi New York mwezi Oktoba 2018, ilitangaza takriban saa 15 za kwenda na 14 za kurudi: kinyume kabisa cha dhana hiyo.