Je, wajua kwa nini vibao vya barabara kuu havikubaliani rangi?

Dereva wa lori anayeanza safari Tunduma, mpakani na Zambia, kuelekea bandari ya Dar es Salaam hupita zaidi ya kilomita 900 za barabara ya Tanzam, na sehemu kubwa ya safari hiyo imo katika Nyanda za Juu Kusini: Mbeya, Makambako, Mafinga na Iringa, kisha mteremko wa Kitonga unaomshusha hadi Ruaha Mbuyuni. Njia nzima husoma rangi na umbo kabla hajasoma maneno. Pembetatu yenye ukingo mwekundu humtahadharisha na hatari iliyo mbele; duara lenye ukingo mwekundu na namba 50 humtaka apunguze mwendo anapoingia kijijini; rangi ya kahawia hutumika kuwaelekeza wageni kwenye vivutio, na huku kwetu havikosekani, kuanzia Isimila na Hifadhi ya Ruaha hadi Kimondo cha Mbozi. Mtu aliyezoea mpangilio huo kwa miaka huweza kudhani kwamba uko hivyo kila pahali. Hauko hivyo, na sababu zake zinahusu jicho la binadamu, jua, giza na, kwa kiasi fulani, ukaidi wa nchi zenyewe.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko Ulaya. Nchini Ujerumani, vibao vya barabara za mwendo kasi ni vya bluu vyenye herufi nyeupe, ilhali barabara kuu za kawaida zina vibao vya njano vyenye herufi nyeusi. Dereva akivuka mpaka wa Basel na kuingia Uswisi, bila hata kuacha barabara aliyokuwa nayo, hukuta barabara ya mwendo kasi imekuwa ya kijani, na bluu sasa ndiyo rangi ya barabara kuu za kawaida. Ufaransa na Uingereza zinaungana na Ujerumani kwa bluu ya mwendo kasi, lakini barabara zao nyingine kubwa ni za kijani. Italia, Sweden na Japani ziko pamoja na Uswisi. Katika ukanda wetu, Afrika Kusini imeweka bluu kwenye barabara za mwendo kasi na kijani kwenye barabara nyingine kuu. Kwa maneno mengine, rangi mbili zile zile zinabadilishana kazi kutoka nchi hadi nchi, na kila nchi inaona kwamba yenyewe ndiyo iliyopanga vizuri.

Hakuna iliyokosea, kwa sababu kijani, bluu na kahawia zinafanikiwa kwa siri moja: ni rangi nzito zinazobeba herufi nyeupe. Usiku, taa za gari zinapopiga kibao kikubwa cheupe kutoka mbali, uso mzima hung'aa kwa pamoja, mng'ao ukameza kingo za herufi nyeusi, na jicho lililokwisha zoea giza likaumia. Uso ukiwa mzito, kinachorudisha mwanga kwa nguvu ni herufi peke yake, kwa hiyo jina la mji husomeka mapema. Kibao kidogo cha tahadhari kinaweza kuwa cheupe bila madhara makubwa, ila kibao kipana kama mlango wa ghala, chenye majina ya miji minne na mishale yake, hakifai kuwa cheupe kwenye barabara ya mwendo mkubwa. Ukishakubali hilo, kuchagua kati ya kijani na bluu ni suala la kupenda tu.

Wamarekani walilitatua suala hilo kwa kitu kinachokaribia kura. Mwishoni mwa miaka ya 1950, walipokuwa wakijenga mtandao wao wa barabara zinazounganisha majimbo, waliweka vibao vya majaribio kwenye kipande cha barabara ambacho kilikuwa hakijafunguliwa, karibu na Greenbelt katika jimbo la Maryland. Vibao vilikuwa vya rangi tatu, kijani, bluu na nyeusi, na vilielekeza kwenye miji ya kubuni iliyoitwa Metropolis na Utopia. Madereva walivipita wakiwa kwenye mwendo wa takribani kilomita 105 kwa saa, kisha wakaulizwa wamependa kipi. Asilimia 58 walichagua kijani, asilimia 27 bluu na asilimia 15 nyeusi. Hiyo ndiyo asili ya kijani cha barabara za Marekani, ambacho nchi nyingi zilikiiga baadaye, pengine bila kujua kwamba kilitokana na maoni ya madereva wa kipande kimoja cha lami.

Uingereza haikupiga kura. Ilikabidhi kazi kwa wasanifu wawili wa michoro, Jock Kinneir na Margaret Calvert, ambao walitengeneza vibao vya bluu vya barabara ya kwanza ya mwendo kasi nchini humo, ile ya Preston iliyofunguliwa Desemba 1958. Baadaye walipanga upya alama za nchi nzima, na kuanzia Januari 1965 barabara kuu zikapewa vibao vya kijani vyenye herufi nyeupe na namba za njano. Wawili hao waliamini kwamba neno lililoandikwa kwa herufi kubwa tupu linasomeka kwa shida kuliko lile linaloanza kwa herufi kubwa na kuendelea kwa ndogo, kwa kuwa dereva hutambua umbo la neno zima badala ya kukusanya herufi moja moja. Ng'ombe anayeonekana kwenye pembetatu yao ya tahadhari ya mifugo alichorwa na Calvert kutokana na ng'ombe halisi wa shamba la jamaa zake. Nchi nyingi zilizopitia utawala wa Kiingereza zilirithi sura ya alama hizo.

Mwaka 1968 mataifa yalikutana Vienna ili kutengeneza mkataba wa alama za barabarani, na hata huko hayakufikia mfumo mmoja. Mkataba uliruhusu alama za tahadhari ziwe pembetatu yenye ukingo mwekundu na uso mweupe au wa njano, na ukaruhusu pia umbo la almasi lenye uso wa njano, ambalo ndilo la Kimarekani. Sweden na Finland zina njano ndani ya pembetatu kwa sababu ambayo mtu wa Njombe anayejua baridi bila theluji huenda asiifikirie: wakati wa theluji mazingira yote huwa meupe, na pembetatu nyeupe ingepotelea humo. Ireland, ambayo iko jirani kabisa na Uingereza, tangu mwaka 1956 ilichagua almasi ya njano, hivyo dereva anayevuka mpaka wa Ireland ya Kaskazini hukutana na hatari ile ile katika umbo na rangi tofauti.

Alama ya kusimama nayo ina historia yenye mshangao. Ile ya kwanza iliyowekwa Detroit mwaka 1915 ilikuwa nyeupe yenye herufi nyeusi. Umbo la pembe nane lilikuja mwaka 1923, pale wahandisi wa majimbo ya bonde la Mississippi walipokubaliana kwamba pembe za kibao ziongezeke kadiri hatari inavyoongezeka, na duara, walilolihesabu kuwa na pembe zisizo na mwisho, likaachiwa makutano ya barabara na reli. Kwa miongo kadhaa alama hiyo ilikuwa ya njano. Kila mtu alijua kwamba nyekundu ingefaa zaidi, lakini rangi nyekundu ya wakati ule haikuhimili jua. Ilipauka haraka mno. Ni mwaka 1954 tu, baada ya kupatikana rangi ya kuchomea juu ya chuma isiyopauka, ndipo kanuni za Marekani zilipoamuru nyekundu. Hadi leo, katika visiwa vya Hawaii, unaweza kukuta alama ya kusimama ya bluu kwenye maegesho ya watu binafsi, kwa kuwa nyekundu imeachiwa mamlaka za barabara.

Tatizo hilo la nyekundu ni letu pia, na huku juu ni kubwa kuliko pwani. Rangi huwa nyekundu kwa sababu hufyonza sehemu ya bluu ya mwanga wa jua, ambayo ndiyo yenye nguvu, pamoja na miale ya urujuanimno; nguvu hiyo polepole huvunja viungo vya kemikali vinavyoipa rangi wekundu wake. Rangi ya bluu huirudisha sehemu hiyo, na nyeusi itokanayo na kaboni haivunjiki kirahisi. Miale ya urujuanimno huongezeka kwa takribani asilimia 10 kila mtu anapopanda mita 1,000, na jiji la Mbeya liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa ikiwa chini yake kidogo. Kwa hiyo pembetatu iliyokaa juani miaka mingi hubadilika kwa mpangilio unaotabirika: kwanza ukingo huwa wa waridi, kisha hufifia pembeni ambako maji ya mvua yamepenya chini ya stika, na mwishowe hubaki bati jeupe lenye mshale mweusi wa kona uliokolea kana kwamba umepakwa jana. Kuna jambo la ziada ambalo jiografia inaliamua. Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, na kwa takribani miezi minane ya mwaka jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini. Kwa hesabu hiyo, kwenye barabara ya kutoka Uyole kwenda Tukuyu na Kyela, vibao vinavyomtazama dereva anayeteremka kusini ndivyo vinavyopigwa jua zaidi kuliko vile vya anayepanda kurudi.

Jioni kuna kasoro nyingine. Mchana jicho huona vizuri zaidi rangi iliyo kati ya kijani na njano, lakini mwanga unapopungua, uwezo huo husogea kuelekea bluu, na nyekundu huwa ya kwanza kugeuka nyeusi. Mwanasayansi wa Kicheki, Jan Purkyně, ndiye aliyelieleza jambo hilo mwanzoni mwa karne ya 19. Ndiyo maana ukingo mwekundu huuzunguka uso mweupe au wa njano badala ya kuachwa peke yake, na ndiyo maana umbo limepewa kazi sawa na rangi: mtu asiyeweza kutofautisha nyekundu na kijani bado anaijua pembetatu na bado anaijua pembe nane.

Wapo wanaosema kwamba nyekundu ilichaguliwa kwa kuwa hupenya ukungu kuliko rangi nyingine. Kwa ukungu wa Rungwe, au ule unaofunika Njombe asubuhi za baridi, dai hilo halina uzito. Matone ya ukungu ni makubwa sana yakilinganishwa na mawimbi ya mwanga, hivyo hutawanya rangi zote karibu sawasawa. Kinachosaidia kidogo ni reflekta, yaani ile karatasi iliyobandikwa juu ya bati, yenye vipunje vya kioo vidogo mno au vipande vya umbo la kona. Mwanga ukiingia kwenye kipunje hupinda, hugonga nyuma, kisha hurudi ulikotoka, kama macho ya paka yanavyomulika yakipigwa tochi. Hata hivyo, kwenye ukungu mzito mwanga huo hutawanyika wakati wa kwenda na wakati wa kurudi, na taa kubwa huzidisha ukuta mweupe ulio mbele ya kioo. Kwa maoni yangu, hapo ndipo rasta na matuta, ambayo madereva huyalalamikia sana, hufanya kazi ambayo kibao cha rangi yoyote hakiwezi kuifanya, kwa kuwa husomwa kwa matairi.

Ipo pia njano ya muda. Kanuni za alama za nchi za SADC huzipa alama za kazi za barabarani uso wa njano badala ya mweupe, ili dereva aliyeizoea barabara atambue kwamba kuna lililobadilika tangu alipopita mara ya mwisho. Faida yake inaeleweka haraka kwa anayepita kwenye upanuzi wa njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi jijini Mbeya, ambako dereva aliyepita njia ya kushoto asubuhi anaweza kuhamishiwa kulia jioni. Nje ya vibao kuna herufi X ambayo wakazi wa kando ya barabara kuu wanaijua bila kufundishwa: ya nyekundu ukutani kwa kawaida humaanisha nyumba iko ndani ya hifadhi ya barabara na itavunjwa bila fidia, ya kijani humaanisha itavunjwa kwa fidia.

Alama isiyo ya kawaida kuliko zote kwenye barabara yetu haitoki kiwandani. Lori linapoharibika Kitonga au kwenye mteremko wa Iwambi, utingo hushuka na panga, hukata matawi mabichi na kuyapanga juu ya lami kwa mafungu, la kwanza mbali nyuma ya lori na mengine yakilikaribia, na kila dereva anayeyaona hupunguza mwendo kabla hajaliona lori lenyewe. Mchana matawi hayo yanatosha, kwa kuwa majani hayaoti katikati ya lami na jicho hulishuku jambo hilo mara moja. Usiku hali ni tofauti: majani hayarudishi mwanga kwa dereva, huonekana yakiwa yamebaki mita chache tu, na lori lililoshiba mzigo wa shaba likiwa linateremka haliwezi kusimama ndani ya umbali huo. Pembetatu mbili za reflekta zilizo chini ya kiti cha dereva huonekana kutoka mbali kuliko rundo lolote la matawi, na kuzitoa kunachukua muda mfupi kuliko kutafuta mti.