Pombe ya Kubeba Haibanwi kwa Ajili ya Mlevi Sugu

Kila ninapopeleka pendekezo la kubana saa za kuuza pombe ya kubeba, yaani inayonunuliwa dukani na kwenda kunywewa kwingine, hoja ya kwanza kutoka upande wa pili wa meza huwa ni ileile: mlevi atapata tu. Nimeisikia kwa waheshimiwa madiwani, nimeisikia kwa wenyeviti wa mitaa, na juma lililopita nimeisikia tena, kwa sauti ya mtu anayefunga mjadala, kutoka kwa mtumishi mwenzangu wa afya hapahapa Mbeya, ambaye kwa kazi yake alipaswa kuwa wa mwisho kuitamka. Nimechoka kuijibu kwa dakika mbilimbili mwishoni mwa vikao, watu wakiwa wamekwisha kukunja makaratasi yao, kwa hiyo ninaijibu hapa kwa urefu unaoistahili.

Mlevi sugu, yule ambaye mikono yake hutetemeka alfajiri mpaka azimue, atapata kweli. Atauza debe la mahindi, atakopa, atagonga mlango wa muuzaji saa 8 usiku, na atapata. Hakuna mtaalamu aliyewahi kudai vinginevyo. Kasoro ya hoja ni kwamba inamkodolea macho mtu mmoja ambaye hatua hii haikutungwa kwa ajili yake. Geoffrey Rose, mtaalamu wa magonjwa wa Uingereza, alieleza mwaka 1981 jambo linaloitwa kitendawili cha kinga: sehemu kubwa ya madhara katika jamii hutokana na watu wengi walio katika hatari ndogo, kwa sababu wao ni wengi, kuliko wachache walio katika hatari kubwa. Katika pombe, watu hao wengi ni fundi ujenzi, dereva wa bodaboda, mwalimu, na mkulima wa viazi wa Uporoto aliyelipwa jana, ambao siku nyingi hunywa kidogo au hawanywi kabisa, kisha siku chache hupitiliza. Fungua daftari la majeruhi la kituo chochote cha afya kilicho kando ya barabara kuu na usome maelezo ya waliopokewa usiku wa mwisho wa juma. Utawakuta hao: amechomwa kisu na rafiki yake, ameanguka na pikipiki, ametumbukia mtaroni, amepigwa na mumewe. Wengi wao hakuna jirani anayewaita walevi.

Swali la maana, basi, ni kama mtu wa kawaida, ambaye tayari ana bia tatu kichwani, ataipata chupa inayofuata kwa urahisi uleule saa 5 usiku. Yeye, mara nyingi sana, akikuta dirisha la duka limefungwa huenda kulala.

Niichambue hiyo chupa inayofuata, maana hapo ndipo wengi hawafanyi hesabu. Bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina karibu gramu 20 za kilevi halisi. Kichupa cha pombe kali cha mililita 200, chenye asilimia 35, kina takriban gramu 55, yaani karibu sawa na bia tatu, na kinaingia kwenye mfuko wa koti. Ini la mtu mzima huondoa gramu 7 hadi 10 hivi kwa saa, na halina njia ya kuharakishwa, si kwa kahawa, si kwa supu, si kwa maji baridi. Mtu aliyeanza bia zake tatu saa 2 usiku akaishia hapo, damu yake itakuwa imesafika kabla ya alfajiri. Mtu huyohuyo akipita dirishani akabeba kichupa cha kufungia, kilevi hakitamwisha mpaka kama saa 4 asubuhi, na saa 12 alfajiri anapowasha pikipiki kuwapeleka watoto shule bado ana kiasi cha zaidi ya bia moja mwilini, ingawa yeye mwenyewe anajiona ameamka mzima. Tofauti yote kati ya asubuhi hizo mbili imetokana na ununuzi mmoja uliochukua nusu dakika.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniudhi kuliko yote, nalo ni kuchanganya pombe ya kubeba na vilabu vya pombe za kienyeji. Nikisema kubana pombe ya kubeba, anayesikiliza husikia kufunga vilabu, na papo hapo mtu husimama kuwatetea akina mama wanaopika komoni, pombe ya kienyeji ya nafaka, ili walipe sare na madaftari ya watoto. Mimi nami ninawatetea. Komoni na ulanzi vina tabia yake. Ulanzi, pombe ya mianzi, hugemwa msimu wa mvua, huja kwa dumu kutoka vijiji vya Iringa na Njombe, asubuhi ni mtamu na kufikia jioni umekwisha kuwa mkali, na ukiuacha siku chache unaharibika. Komoni ni nzito, hunywewa kwa kukaa, na chungu kikiisha kilabu kimefungwa chenyewe. Mnywaji wa kilabuni yuko mbele za watu: kuna mama mwenye pombe anayeweza kusema wewe leo basi, kuna shemeji, kuna mzee wa mtaa, kuna anayejua kwamba nyumbani kwako mtoto anaumwa. Sisemi kwamba vilabuni hakuna ngumi. Zipo, tena nyingi. Ninachosema ni kwamba kinywaji kikubwa, cha kilevi kidogo, kisichotunzika, kinachonywewa mbele za watu, hakiwezi kutungiwa kanuni ileile na kinywaji kidogo, kikali, kisichoharibika, kinachopitishwa katikati ya nondo za dirisha na kwenda kunywewa gizani.

Grosari nayo ina mkanganyiko wake, ambao yeyote anayekagua leseni anaujua. Leseni yake ni ya kuuza vinywaji vya kuondoka navyo, lakini nje kuna viti vya plastiki, spika na jiko la nyama, na kwa kila hali hiyo ni baa. Wenzangu wengi huanza ukaguzi kwa kuvikimbiza hivyo viti, na ninadhani wanaanza mahali pasipo na hatari kubwa. Bia ya chupa ya kurudisha inamfunga mnywaji pale alipo, kwa kuwa muuzaji anataka chupa yake irudi kwenye kreti, na asiye na chupa ya kubadilishana lazima aache pesa ya dhamana. Kichupa cha pombe kali hakirudishwi, hakidaiwi, hakina kreti inayokisubiri. Kwa hiyo katika mitaa yetu, kuanzia Mwanjelwa na Mafiati hadi stendi za Mafinga na Makambako, pombe ya kubeba ukiitazama kwa karibu ni pombe kali ya chupa ndogo, inayouzwa usiku pamoja na sigara na vocha. Kanuni ikiandikwa kwa kulenga hiyo, wauzaji wa bia hawataguswa sana, na hawatakuwa na sababu kubwa ya kuipiga vita.

Kuhusu ushahidi, niwape kwanza mfano unaoikabili hoja ya "atapata tu" uso kwa uso. Geneva, Uswisi, ni jimbo dogo lililozungukwa na Ufaransa karibu pande zote, na mtu anaweza kuvuka mpaka kwa dakika chache. Mwaka 2005 jimbo hilo lilipiga marufuku kuuza pombe ya kubeba kuanzia saa 3 usiku hadi saa 1 asubuhi, na likaiondoa kabisa kwenye vituo vya mafuta na maduka ya kukodisha video. Baa na migahawa haikuguswa. Kama watu hupata tu, pale walikuwa na kila njia ya kupata: baa jirani, Ufaransa jirani, kununua mapema mchana. Watafiti walipokokotoa, waliolazwa hospitali kwa kulewa kupita kiasi miongoni mwa vijana walipungua kwa kati ya asilimia 25 na 40. Kizuizi hakikuwa ukuta. Kilikuwa usumbufu kidogo tu, nao ulitosha.

Mfano wa pili ni wa akina mama. Fitzroy Crossing ni mji mdogo wa wenyeji wa asili huko Western Australia, uliokuwa umezika vijana wengi mno. Mwaka 2007 wanawake wa mji huo, June Oscar akiwa miongoni mwa viongozi wao, walimwomba mkurugenzi wa leseni za pombe wa jimbo azuie pombe ya kubeba, na akakubali: kilichoruhusiwa kubebwa ni bia hafifu pekee, isiyozidi asilimia 2.7, huku kunywa ndani ya baa kukiendelea. Polisi na hospitali waliona vurugu na majeraha yakipungua. Wapo waliosafiri mbali kwenda kununua kwingine, na hilo lisifichwe, lakini kwa mji wenyewe nafuu ilionekana. Katika eneo jirani la Northern Territory somo lilikuja kinyumenyume: sheria iliyokuwa ikizuia pombe katika jumuiya nyingi ilifikia ukomo Julai 2022, vurugu zikapanda katika mji wa Alice Springs, na Januari 2023 vikarudishwa vizuizi vya dharura, Jumatatu na Jumanne bila pombe ya kubeba kabisa, na siku nyingine kwa saa chache tu kuanzia saa 9 alasiri hadi saa 1 jioni.

Nasi tuna somo letu. Kuanzia tarehe 1 Machi 2017 viroba, yaani pombe kali ya pakiti ndogo za plastiki, vilipigwa marufuku nchini, kwa tangazo la Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa. Kenya ilikuwa imetangulia mwaka 2004, na Uganda ikafuata mwaka 2019. Siku zile pia tuliambiwa watapata tu. Leo ni nadra kumwona kijana kijiweni akichana pakiti kwa meno saa 3 asubuhi, jambo ambalo lilikuwa la kawaida kiasi kwamba hatukuwa tukiligeukia. Hata hivyo vichupa vidogo vimeingia kuziba pengo, na hilo linanithibitishia kwamba ujazo na urahisi wa kubeba ndio mzizi wa jambo.

Kuhusu baridi, kwa kuwa kila kikao cha Juni huletwa hoja kwamba huku kwetu pombe kali ni joto: pombe hupanua mishipa iliyo chini ya ngozi, ngozi ikapata joto huku mwili wa ndani ukilipoteza. Mlevi aliyelala kando ya njia usiku wa Makete au Uporoto anapoa haraka kuliko asiyelewa, na wapo wasioamka.

Yapo mashaka ambayo vitabu vya afya ya jamii huyapitia kwa sentensi moja, na mimi siwezi. La kwanza ni gongo. Tafiti nyingi nilizozitaja zilifanyika mahali ambapo karibu pombe yote hupita dukani. Kwetu sehemu kubwa haina leseni, haina kipimo, na haijui saa. Ninaamini mnunuzi wa usiku wa mjini hatabadilika kuwa mnywaji wa gongo kwa sababu dirisha limefungwa saa 3, maana gongo ina wateja wake waliovutwa na bei. Lakini tukipandisha bei ya kichupa badala ya kubana saa zake, imani hiyo inalegea, na ndiyo maana katika mikoa yetu ninatanguliza saa na ujazo kuliko kodi, ingawa Shirika la Afya Duniani huiweka bei miongoni mwa hatua zenye nguvu zaidi. Wenzangu wenye msimamo tofauti wana hoja nzito, na sijawashinda.

La pili ni usimamizi. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 ipo, na leseni zina masharti, lakini sharti lisilosimamiwa kwa haki hugeuka mradi wa mgambo, ambapo muuzaji hulipa kidogo kila wiki na dirisha hubaki wazi, tena sasa kwa kiburi. Nimeona kata ambazo amri ya saa iliongeza rushwa kuliko ilivyopunguza majeraha. Pale ambapo amri ilitoka kwa wananchi wenyewe katika mkutano wa mtaa, wenye maduka wakiwamo, ilishika vizuri zaidi, lakini siwezi kuahidi kwamba ingeshika hata baada ya mwenyekiti kubadilika.

La tatu linaninyima usingizi. Tukifunga dirisha mapema, mume anarudi nyumbani mapema. Amekunywa kidogo, ndiyo, lakini mke na watoto bado wako macho, na hasira ya kukatishwa starehe anaenda nayo. Mama mmoja wa Igawilo aliniuliza hivyo waziwazi, na jibu la wastani wa takwimu halikumfaa yeye kwa usiku wake. Tangu hapo ninasisitiza kwamba saa mpya zisianze kabla dawati la jinsia la polisi na afisa ustawi wa jamii wa kata hawajashirikishwa, na namba zao za simu zibandikwe palepale dirishani pombe inapouziwa.

Pendekezo ninalolipeleka sasa kwenye halmashauri, basi, lina mambo machache: pombe kali ya kubeba isiuzwe baada ya saa 3 usiku wala kabla ya saa 6 mchana, chupa ndogo za pombe kali zisiuzwe kabisa stendi na kwenye vijiwe vya bodaboda, na kila majeruhi anayepokewa aandikiwe saa aliyoumia na kama alikuwa amekunywa, kuanzia miezi kadhaa kabla ya saa kubadilika, ili tuweze kulinganisha. Asubuhi nimeijumuisha nikijua itawagusa wanaozimua, na hao ndio mlevi sugu wa hoja tuliyoanza nayo. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa ghafla unaweza kupata degedege na kuweweseka, na mtu anaweza kufa. Kwa hiyo waganga wafawidhi wa vituo vyote vya kata husika wapewe taarifa mwezi mmoja kabla, diazepamu na vitamini B1 viwepo stoo, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wawajue kwa majina wanaotetemeka asubuhi katika vitongoji vyao na wawalete kituoni kabla ya tarehe ya kwanza ya utekelezaji.