Uzazi wa mpango: yasemwayo mtaani na ukweli wake

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba kati ya kila wanawake 100 wa Tanzania walio kwenye ndoa, takriban 31 tu walikuwa wakitumia njia ya kisasa ya uzazi wa mpango. Kenya, mwaka huohuo, walikuwa 57. Sababu ni nyingi, ila mojawapo naisikia kila mahali, saluni na hata kwenye benchi la kliniki: hofu. Na hofu hiyo inastahili majibu ya kueleweka, maana wanaoibeba ni watu wazima wenye akili zao.

"Ukianza kutumia kabla hujazaa, kizazi kinakufa."

Hapana. Kitanzi kinachowekwa ndani ya mfuko wa uzazi, au vijiti vya mkononi, vikitolewa, mwanamke anaweza kushika mimba hata mwezi huohuo. Vidonge vya majira navyo haviharibu kizazi. Sindano ya miezi mitatu ndiyo yenye maelezo ya ziada: dawa yake huisha mwilini polepole, na kwa wastani mimba hupatikana kama miezi kumi baada ya sindano ya mwisho, wengine hufika mwaka na zaidi. Uzazi unarudi, ila unachelewa. Sasa mchukue bibi harusi aliyechomwa sindano bila kuambiwa hilo. Mwezi wa tano anahesabu siku zake, mama mkwe naye anahesabu kivyake, na ukifika wa nane ukoo mzima umeshaamua kwamba ameharibiwa. Maelezo ya dakika mbili tu siku ya kuchomwa yangemwokoa na hayo yote. Anayetaka mtoto karibuni ashauriwe njia nyingine.

Njia ya kudumu ni kufunga uzazi, kwa mke au mume, na hiyo haifanywi bila mhusika kuelezwa na kukubali mwenyewe.

"Damu isipotoka inajaa tumboni na kuwa uvimbe."

Hedhi ni ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi unaobomoka na kutoka. Sindano huufanya ukuta huo kuwa mwembamba, kwa hiyo hakuna kilichojikusanya. Baada ya mwaka mmoja wa sindano, karibu nusu ya watumiaji hawaoni siku zao kabisa. Vijiti vinaweza kuleta matone yasiyo na mpangilio, na kitanzi cha shaba huongeza damu na maumivu, hasa miezi ya mwanzo. Hayo ni maudhi ya kweli, na mwanamke asiambiwe kwamba anajidekeza. Yakimshinda arudi kituoni abadilishiwe. Kijiti cha miaka mitatu akitaka kitolewe mwezi wa nne, kitolewe. Ni haki yake.

"Kijiti kinatembea hadi kwenye moyo."

Kinawekwa chini tu ya ngozi ya mkono wa juu, na ukipapasa unakigusa. Kuhama mbali ni nadra mno, na kwa kawaida chanzo huwa ni kuwekwa kwa kina kupita kiasi. Usipokisikia kwa vidole, nenda kikaangaliwe.

"Sindano inaleta Ukimwi."

Swali hili lilichukuliwa kwa uzito. Utafiti uliotangazwa mwaka 2019, uliohusisha wanawake zaidi ya 7,800 wa Kenya, Zambia, Eswatini na Afrika Kusini, haukukuta tofauti kubwa ya maambukizi kati ya waliotumia sindano, vijiti na kitanzi cha shaba. Lakini hakuna hata moja kati ya hizo inayokinga virusi. Kinga ni kondomu.

"Ni mpango wa wazungu wa kutupunguza."

Dhana hii ina mzizi. India, wakati wa hali ya hatari ya 1975 hadi 1977, mamilioni ya wanaume walifungwa uzazi, wengi kwa shinikizo. Peru katika miaka ya 1990, chini ya Rais Alberto Fujimori, wanawake wengi wa vijijini walifungwa uzazi bila ridhaa ya kweli. Ulikuwa ukatili, na usemwe hivyo. Mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu idadi ya watu, uliofanyika Cairo mwaka 1994 na wenye mataifa 179, ulitaka programu hizi zisimame juu ya hiari na haki za mhusika, badala ya malengo ya idadi.

Kwetu, UMATI, chama cha uzazi na malezi bora, ilianza mwaka 1959, kabla ya uhuru. Mwaka 1969, akieleza Mpango wa Pili wa Maendeleo, Mwalimu Nyerere alisema kuzaa tu tunafanana na wanyama. Kulea ndiko kunakomtofautisha binadamu.

Tena mwaka 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake, shehena ya dawa hizi, nyingine zikiwa za kuja Tanzania, ilikwama kwenye ghala mjini Geel, Ubelgiji. Aliyeumia ni mama ambaye tarehe yake ya sindano ilikuwa imefika. Kwa hiyo bajeti ikisomwa Juni, tumuulize mbunge wetu: fungu la uzazi wa mpango ni kiasi gani, na la mwaka jana lilitoka lote?