"Wote Lao Moja": Dhana Potofu Kuhusu Sheria ya Ushindani, na Ukweli Wake

Ukizunguka maduka ya hadiwea kutoka Changamwe hadi Mwembe Tayari ukiulizia nondo, utakuta bei zimepishana kwa shilingi chache tu. Mafundi wameshalitolea hukumu: hawa wote lao moja. Hukumu hiyo hiyo huangukia vituo vya petroli, wauza nyanya wa Kongowea, yadi za magari na kampuni za meli. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingi si kweli, na kwa kuwa hatutofautishi, wanaotunyonya kikweli hupita katikati yetu bila kuulizwa. Sheria ya ushindani imekwenda mbali miaka hii, hapa kwetu na duniani, na mengi tunayoamini kuihusu hayamo ndani yake.

Dhana: Bei zikifanana, kuna njama

Tuanze na petroli. Kila tarehe 14 ya mwezi mamlaka ya kudhibiti kawi, EPRA, hutangaza bei ya juu kabisa kwa kila mji, na vituo karibu vyote huuza papo hapo penye kikomo. Mombasa hulipa chini kidogo ya Nairobi kwa sababu mafuta hushukia hapa. Mfanano huo umeletwa na kanuni ya serikali. Muuza nyanya naye humwangalia jirani yake ameweka fungu kwa ngapi, kisha na yeye akaweka vivyo hivyo. Kuitazama bei ya mwenzako na kuifuata kwa uamuzi wako mwenyewe si kosa.

Kosa ni kupatana. Kifungu cha 21 cha Sheria ya Ushindani ya Kenya ya mwaka 2010 kinawakataza washindani kupanga bei pamoja, kugawana wateja au maeneo, kuamua nani ashinde zabuni, au kupunguza bidhaa ili bei ipande. Mapatano si lazima yaandikwe na kutiwa saini. Neno la mdomo linatosha, na ujumbe wa WhatsApp unatosha zaidi kwa sababu haupotei.

Kwenye chuma, basi, mafundi walikuwa na haki ya kushuku. Agosti 2023 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya ilizitoza kampuni tisa za chuma faini ya jumla ya shilingi milioni 338.8, ikisema zilipanga bei pamoja na kuzuia bidhaa. Fikiria aliyekuwa akijenga vyumba viwili vya kupangisha Mikindani kwa mkopo wa chama: kila shilingi iliyoongezwa kwa njama aliitoa yeye, na risiti haikumwonyesha popote.

Dhana: Mambo ya meli ni ya wakubwa wa nje, hayatuhusu

Hii hunisikitisha kuliko zote, kwa sababu sisi ni watu wa bandari. Magari tunayoyaona yakiteremshwa Kilindini huja kwa meli maalumu ambazo gari huingia na kutoka likiendeshwa. Kampuni zenye meli hizo duniani ni chache, na kadhaa kati ya kubwa zake zimewahi kukutwa na kateli, yaani mapatano ya siri kati ya washindani.

Februari 2018 Tume ya Ulaya ilizitoza kampuni nne, CSAV ya Chile, "K" Line na NYK za Japani, na WWL-EUKOR, faini ya jumla ya euro milioni 395. Ya tano, MOL, ilisamehewa faini yote kwa kuwa ndiyo iliyojitokeza kwanza na kufichua. Kwa karibu miaka 6, kuanzia Oktoba 2006 hadi Septemba 2012, mameneja wao wa mauzo walikuwa wakikutana kwenye ofisi za wao kwa wao, kwenye baa, kwenye mikahawa. Walikuwa na desturi waliyoiita kanuni ya heshima: mteja wa mwenzako haguswi. Mtengenezaji wa magari akitangaza zabuni ya usafirishaji, asiyepangiwa kushinda aliweka bei ya juu makusudi, au hakuweka kabisa. Mteja akadhani amelinganisha bei tano, kumbe matokeo yalishapangwa mezani.

Uamuzi huo ulihusu magari mapya na safari za kwenda na kutoka Ulaya, kwa hiyo hakuna haki ya kusema kwamba gari lako lililotoka Yokohama lilikuwa ndani yake. Ila kampuni hizo hazikuchunguzwa na Ulaya peke yake. Japani ilizitoza baadhi yao faini mwaka 2014, Marekani ikazishtaki, na Afrika Kusini nayo ikazifuata kwa yaliyoigusa. Huu ndio mwelekeo mkubwa wa sasa: kosa moja, nchi nyingi, kila moja ikidai haki ya soko lake. Na Kenya ina mlango huo. Kifungu cha 6 cha sheria yetu kinafika hata kwa mwenendo uliofanyika nje ya nchi, ikiwa anayehusika anauza bidhaa au huduma ndani ya Kenya.

Kwenye upande wa makontena, Ulaya ilikuwa imeziachia kampuni za meli nafasi ya pekee kwa miongo mingi. Ruhusa ya kupanga nauli pamoja ilikoma Oktoba 2008. Ile iliyobaki, ya kushirikiana safari na nafasi melini, iliachwa iishe Aprili 2024. Ushirikiano wenyewe haujapigwa marufuku, ila sasa unapimwa kwa sheria ile ile inayowapima wengine wote.

Dhana: Sheria inachukia waliofanikiwa

La hasha. Kuwa mkubwa si kosa Kenya, wala Ulaya, wala Marekani. Kosa ni kuutumia ukubwa kuwafungia wengine mlango.

Mfano uko kwenye kila mtaa wetu. Kabla ya Julai 2014, wakala wa M-Pesa alifungwa na mkataba asihudumie mtandao mwingine. Airtel ilikuwa imelalamika kwa Mamlaka ya Ushindani, na mwishowe Safaricom ikakubali kuliondoa sharti hilo. Ndiyo maana leo kibanda kimoja cha Majengo kinaweza kuwa na bango la kijani na jekundu bega kwa bega. Safaricom haikuvunjwa wala kupunguzwa. Kilichoondolewa ni kufuli.

Kesi ya Google huko Marekani imekwenda njia hiyo hiyo. Agosti 2024 Jaji Amit Mehta aliamua kwamba kampuni hiyo ilidumisha ukiritimba wa kutafuta habari mtandaoni kinyume cha sheria. Ushahidi ulionyesha kwamba mwaka 2021 pekee ililipa dola bilioni 26.3 ili iwe ndiyo chaguo la kwanza kwenye simu na vivinjari vya wengine. Septemba 2025 jaji alikataa kuiamuru iuze kivinjari cha Chrome, lakini akaizuia isifunge mikataba ya kuwatenga washindani, na akaiamuru igawane nao baadhi ya data. Ulaya imeamua kutosubiri kesi za miaka kumi: sheria yake ya masoko ya kidijitali, inayozibana kampuni kubwa tangu Machi 2024, inazipa wajibu mapema, na Aprili 2025 Apple ilitozwa chini yake euro milioni 500, Meta milioni 200.

Dhana: Chama kina haki ya kuwapangia wanachama bei

Hapa nawaomba wafanyabiashara wenzangu wa Mombasa wasome polepole, kwa sababu wengi wako hatarini na hawajui. Tuseme wenye tuktuk wa njia moja wana kikundi. Mafuta yamepanda. Mwenyekiti anaandika: "Ndugu zangu, kuanzia Jumatatu Bombolulu ni mia, atakayebeba kwa themanini atatozwa faini." Wanajibu kwa dole gumba. Hakuna aliyeona amefanya kosa, maana vyama ni vya kusaidiana na hali ni ngumu kwa kila mtu. Kwa macho ya sheria, hao ni washindani waliopatana bei na kuweka adhabu kwa atakayeivunja. Sheria inavitaja vyama waziwazi, na haisemi kwamba wadogo wamesamehewa. Adhabu inaweza kufika asilimia 10 ya mapato ya mwaka uliotangulia, na mtu binafsi anaweza kushtakiwa: kifungo kisichozidi miaka 5, au faini isiyozidi shilingi milioni 10, au vyote viwili.

Chama kinaweza kufanya mengi bila kugusa bei. Kujadiliana na kaunti kuhusu ada za maegesho, kuwafunza madereva, kuweka mfuko wa matanga na ugonjwa, kupinga ushuru: hayo yote halali. Kama mnaamini kweli kwamba mapatano fulani yana faida kwa umma, sheria ina utaratibu wa kuiomba Mamlaka iwape idhini kabla hamjaanza. Na ukijikuta kikundini ambako bei inapangwa, usinyamaze. Ukimya husomeka kama kukubali. Andika wazi kwamba hushiriki, jitoe, na uhifadhi ulichoandika. Kama ulikuwa umeshaingia, kifungu cha 89A kinampa nafuu anayekwenda mwenyewe kufichua, kama ilivyokuwa kwa MOL huko Ulaya.

Dhana: Mnunuzi hawezi kufanya kosa

Anaweza. Duka kubwa linalomlazimisha msambazaji mdogo kutoa punguzo baada ya punguzo linatumia vibaya nguvu ya ununuzi, na Kenya ni miongoni mwa nchi za Afrika zilizolifuatilia hili mapema. Msambazaji wa mtindi alilalamikia masharti ya namna hiyo, Mamlaka ikampa haki, na mwaka 2021 Jopo la Ushindani likauunga mkono uamuzi huo. Mwenye kuuza maembe ya Kilifi kwenye maduka ya Nyali ana njia ile ile.

Waajiri nao, maana wananunua kazi, wameingia kwenye darubini. Juni 2025 Tume ya Ulaya ilizitoza kampuni za kupeleka chakula Delivery Hero na Glovo, Glovo hiyo hiyo ambayo mikoba yake ya manjano tunaiona hapa mjini, euro milioni 329 kwa yaliyotendeka Ulaya: kugawana masoko, kupeana siri za biashara, na kukubaliana kutochukuliana wafanyakazi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Tume kuadhibu kateli ya soko la ajira.

Dhana: Afrika haina meno

Nigeria iliitoza Meta dola milioni 220 mwaka 2024, na Aprili 2025 jopo la rufaa likaikubali faini hiyo. Tume ya Ushindani ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, yenye makao Lilongwe na inayofanya kazi tangu 2013, iliitoza CAF, shirikisho la kandanda la Afrika, na beIN, kampuni ya runinga, dola 300,000 kila mmoja kwa mikataba mirefu ya kipekee ya kuonyesha kandanda. Itifaki ya ushindani ya Eneo Huru la Biashara la Afrika ilipitishwa 2023. Tangu Novemba 2025, mamlaka ya ushindani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoko Arusha, imeanza kupokea taarifa za kuungana kwa kampuni.

Udhaifu upo, na uko kwingine: mipaka inapandana. Kenya, Uganda na Rwanda ziko COMESA na Afrika Mashariki pia, Tanzania kati ya hizo mbili iko Afrika Mashariki tu. Kampuni ya Mombasa inayonunua nyingine yenye matawi Kampala na Dar es Salaam lazima ijue mapema ipeleke taarifa wapi.

Mwananchi wa kawaida hana mzigo huo. Kulalamika kwa Mamlaka hakuhitaji wakili wala ada, na jina lako linaweza kufichwa. Andika majina ya biashara, tarehe bei ilipobadilika, ilikuwa ngapi na imekuwa ngapi, na aliyekwambia "tumekubaliana" ni nani. Jumbe zipeleke kama zilivyokuja, bila kukata chochote.