Riwaya za picha: kubofya si kukaa bure

Katika vibanda vya michezo ya video hapa Nairobi, ambako kandanda ndiyo hutawala skrini, riwaya za picha kutoka Japani, yaani michezo ya video ambayo kisa chake husomwa kwenye skrini pamoja na picha na muziki, hudharauliwa upesi: husemwa kwamba ni kusoma na kubofya tu, na kwamba mchezaji hana kazi. Dhana hiyo hupima utanzu huu kwa wepesi wa vidole, ilhali kazi yake hufanyika akilini.

Tuchukue Kamaitachi no Yoru, iliyotolewa mwaka 1994. Wageni wamekwama milimani kwa dhoruba ya theluji, mmoja wao anauawa, na msomaji, akiwa katika nafsi ya mhusika mkuu, huchagua la kusema na la kutenda. Akichelewa kumtambua muuaji, watu huzidi kufa; akianza upya, huyafikia matawi mengine ya kisa akiwa na maarifa ambayo mhusika mwenyewe hana. Pengo hilo baina ya ajuacho msomaji na ajuacho mhusika ndilo kiini cha mvuto wa utanzu huu, nami sioni riwaya ya karatasi ikilifikia kwa urahisi hivyo.

Hata Higurashi no Naku Koro ni, iliyoanza mwaka 2002 na ambayo karibu haimpi msomaji uchaguzi wowote, humshughulisha: muziki hukatika ghafla katikati ya mazungumzo ya kirafiki, naye hulazimika kuamua mwenyewe ni lini atabofya sentensi inayofuata, huku akiendelea kukisia nani anadanganya.