Maji ya kisima kuwa maangavu hakumaanishi ni salama

Wakazi wengi wa Dar es Salaam huamini kuwa maji ya kisima yakiwa maangavu, basi yanafaa kunywewa, eti ardhi imeshayachuja. Si kweli. Bakteria wa kipindupindu haonekani kwa macho, wala habadilishi ladha ya maji.

Tazama Tandale au Manzese: nyumba zimebanana, choo cha shimo kiko hatua chache tu kutoka kisimani. Kisima kikiwa kifupi na maji ya ardhini yako karibu, kinyesi hupenya kwenye udongo hadi kwenye maji kabla hakijachujwa vya kutosha. Masika ndiyo mbaya zaidi. Mashimo hufurika, na wapo wanaotapisha vyoo, yaani kufungulia kinyesi kitiririke nje, mvua ikinyesha, tabia ya kumnywesha jirani uchafu wako. Mlipuko wa kipindupindu wa mwaka 2015 ulianzia jiji hilihili.

Chumvi iliyomo kwenye maji ya kisima nayo haiui vimelea. Kuchemsha huviua: yakishatokota, dakika 1 inatosha, ingawa chumvi itabaki. Kisha yaweke kwenye ndoo ya koki yenye mfuniko, kwani kikombe kilichoshikwa kwa mikono michafu huyachafua upya.